Betri kifuani, ugonjwa bado kichwani

Pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, mtu akipita mabega yanaruka na miguu inapepesuka, wenye haraka husema kalewa, na wengine kwamba karogwa. Inawezekana ni Huntington, ugonjwa wa jeni moja yenye hitilafu: mzazi mmoja akiwa nayo, kila mtoto ana uwezekano wa asilimia 50 kuirithi. Jeni hiyo ilipatikana mwaka 1993, na njia ya kuifikia ilipita kwenye damu ya familia za wavuvi wa Ziwa Maracaibo, Venezuela. Familia zenyewe zimebaki na umaskini wao.

Sasa kuna wanaotaja upasuaji wa umeme wa ubongoni. Nyaya nyembamba huingizwa ndani kabisa ya ubongo, kisha waya hupita chini ya ngozi ya shingo hadi kwenye kifaa cha betri kifuani. Daktari Benabid na wenzake walianza kuutumia Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987, kutuliza mitetemeko. Kwa Huntington, waliofanyiwa bado ni wachache.

Hoja ya wanaoutetea ina uzito. Viungo vikicheza vyenyewe kutwa nzima, mgonjwa anakonda ingawa anakula, uji unamwagika kabla haujafika mdomoni, na kuoga ni hatari. Dawa nazo zina kasoro: haloperidoli humlegeza, tetrabenazini yaweza kumletea sonona. Umeme ukimtuliza akaweza kukaa kitini ale mwenyewe, hilo si jambo dogo.

Lakini seli za ubongo zinaendelea kufa. Hasira, sonona, kusahau, ulimi mzito, kupaliwa na chakula: hayo umeme hauyatibu, na ndiyo yanayovunja nyumba. Ukizidishwa, mwili unakuwa mzito. Halafu kuna kurudi kliniki mara kwa mara kurekebisha kifaa, na betri ya aina isiyochajika hubadilishwa kwa kupasuliwa tena baada ya miaka kadhaa. Anayetoka kisiwa cha Ukerewe anaanza safari hiyo kwa meli, kabla hata ya kufikiria rufaa ya Dar es Salaam.

Aliyeshindwa na dawa, akili bado timamu, na daktari wa kumfuatilia yupo, mimi simzuii. Kwa ukanda huu, hata hivyo, ningetanguliza kipimo cha jeni, dawa zisizokatika na ushauri kwa watoto waliokwisha kuwa watu wazima. Familia inayofikiria kuuza mtumbwi na injini iulize kwanza: dawa zipi zimejaribiwa, kwa dozi gani, na betri ikiisha, nani atalipa?