Miradi kumi, mokapu moja

Fungua potifolio ya mwanafunzi wa usanifu michoro anayemaliza chuo, awe Dar es Salaam au Nairobi, na mara nyingi utakutana na vitu vilevile: kikombe cheupe, fulana nyeusi iliyotundikwa ukutani, kadi mbili za biashara zimelala juu ya zege, na mfuko wa karatasi wenye kamba. Hakuna hata kimoja kilichochapwa. Ni mokapu za bure za mtandaoni, picha tayari za kupachikia kazi yako. Nembo imepachikwa na kivuli kimejileta chenyewe. Juu pameandikwa "miradi kumi". Machoni pangu ni mradi mmoja uliobadilishwa nguo.

Kubadilisha mteja, leo mgahawa, kesho saluni, keshokutwa kampuni ya utalii, hakufanyi miradi itofautiane. Inatofautiana pale kitu kinachochapwa kinapokuja na masharti yake. Ukitaka kujua kama mradi ulimfundisha mtu kitu, muulize nini kilikatazwa. Rangi ngapi? Kipimo gani kilikuwa hakigusiki? Nani angeikataa kazi: mchapaji, fundi wa kudarizi au mashine ya kaunta pale supamaketi? Akianza kukueleza kwamba bluu inaleta hisia ya uaminifu, jua hakukuwa na sharti lolote.

Kanga ndiyo ningeiweka mbele ya miradi yote ya chuo katika ukanda wetu, na si kwa ajili ya utamaduni tu. Naipenda kwa sababu inabana. Ina pindo pande zote nne, ina mji, ile sehemu ya katikati, ina jina, yale maneno yanayoandikwa juu yake. Ukubwa ni kama sentimita 150 kwa 110, na huuzwa kwa doti, vipande viwili vikiwa bado vimeshikana, mnunuzi akate na kupindisha mwenyewe.

Kosa la kwanza hutokea kwenye kona. Mwanafunzi huchora ua zuri la pindo, akalirudia na kulirudia, na kule mwisho likakatika nusu. Hapo kinachokosekana ni hesabu, kipaji hakina kosa. Chukua ua la sentimita 10 na kona ya mraba wa 10 kwa 10. Upande mrefu unabaki na sentimita 130, sawa na maua 13. Upande mfupi unabaki na 90, maua 9. Namba zote mbili ni witiri, kwa hiyo kila upande unapata ua moja katikati kabisa, na jicho linatulia. Sasa chukua ua la sentimita 12 na kona ya 12: upande mrefu unataka maua kumi na nusu, upande mfupi maua saba na kipande. Hapo ndipo watu huanza kuvuta na kubana ua moja moja ili lienee, na kanga nzima inaonekana kama imefuliwa vibaya.

Kosa la pili ni jina. USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO ina herufi na nafasi 27. Ukilitengea jina upana wa sentimita 70, kila moja inapata kama sentimita 2.6 kwa wastani, lakini M na W za MWENZIO zinakula zaidi ya fungu lao, na zile I nne zinarudisha kidogo. WEMA HAUOZI ina 11 tu, itaogelea mlemle. Mwanafunzi mvivu hushika pembe ya maandishi na kuyavuta mpaka yajae. Mistari ya wima inanenepa, ya ulalo inabaki ileile, na mtu yeyote aliyewahi kuchagua kanga dukani ataona kuna kitu hakijakaa sawa hata kama hajui kukitaja. Ongeza nafasi kati ya herufi, au badilisha fonti. Kisha chapa muundo mzima kwa ukubwa wake halisi: karatasi 16 za A3, nne kwa nne, zilizounganishwa kwa gundi. Mfunge mtu kiunoni uone jina limeangukia wapi. Kwenye skrini jina liko katikati siku zote. Mwilini, sivyo.

Rangi nazo zina hesabu yake. Kila rangi ni skrini yake ya kuchapia au rola yake, na nyeupe ni kitambaa chenyewe. Kisutu, aina ya kanga ya zamani, imeishi miaka yote hii kwa nyeusi, nyekundu na weupe wa kitambaa. Anayeleta mji wenye rangi inayofifia taratibu kutoka zambarau kwenda machungwa hajasanifu kanga, amesanifu picha ya simu.

Nitoe dukuduku moja hapa. Wengi hudhani "Uafrika" wa kazi unapatikana kwa kubandika twiga wa Tingatinga kwenye kila kitu, kuanzia nembo ya benki hadi lebo ya asali. Edward Saidi Tingatinga, mchoraji wa Tanzania aliyeanzisha mtindo huo, alichora kwa rangi za baiskeli, zile zinazong'aa, juu ya mbao bapa. Rangi ile haichanganyiki kwa ulaini kama rangi za mafuta za wasanii. Inakaa bapa, ina ukingo mkali, na ule mtindo umechota mengi humo. Ukichukua twiga ukaacha sababu, umebaki na stika.

Jalada la kitabu ni mradi mfupi lakini unaumbua haraka. Mwanafunzi husanifu uso wa mbele tu, basi. Mgongo je? Kitabu cha kurasa 160 kina karatasi 80. Karatasi ya kawaida ya gramu 80 ina unene wa karibu milimita 0.1, kwa hiyo mgongo ni milimita 8, na unene wa jalada lenyewe huongeza kidogo. Kwa ukubwa wa A5 faili linakuwa 148 kuongeza 8 kuongeza 148, yaani milimita 304. Weka ziada ya milimita 3 kila upande ya kukatwa, upana unafika 310 na urefu 216. Na usitofautishe mgongo na uso kwa mstari mkali wa rangi, kwa sababu jalada likisogea milimita moja tu wakati wa kugundishwa, mstari utahamia mbele na kila mtu atauona. Acha rangi ya mgongo ivuke kidogo upande wa mbele. Wachapaji wanalijua hili. Ukiwauliza kabla, watakwambia bure.

Sasa kurasa za ndani, na hapa ndipo nina ugomvi mkubwa zaidi na jinsi tunavyofundishwa. Mafunzo mengi ya kupanga maandishi yametengenezwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi hujazia kurasa zake kwa yale maneno ya Kilatini ya mfano. Ukurasa unapendeza. Siku maandishi halisi yakiingia, unabomoka. Jaribu sentensi ya kawaida ya tangazo la kazi: "Maombi yatakayochelewa hayatashughulikiwa." Neno la pili lina herufi 15, la tatu 18. Kwenye safu yenye nafasi ya herufi 30 hayawezi kukaa mstari mmoja, na ukinyoosha pande zote mbili unapata mashimo ambayo mbuzi anapita. Kiswahili kwenye safu nyembamba kipangwe kushoto, upande wa kulia uachwe ujipinde wenyewe.

Ukiamua kukata maneno, zima kwanza kamusi ya Kiingereza ya programu. Silabi zetu karibu zote huishia na irabu, na mb, nd, nz au nch hazitenganishwi: mwa-na-fu-nzi. Kamusi ya Kiingereza haijui hilo, inaweza kukukatia "mwanaf-unzi" bila aibu. Hata ukikata kwa kanuni bado uangalie, maana "mwanafu-" ikibaki juu, mstari wa chini unaanza na nzi.

Halafu kuna kile kistari cha ng'. Fonti nyingi za mapambo zinazopakuliwa bure hazina alama hiyo, au zinayo lakini imening'inia mbali na g kana kwamba neno limeisha. Kabla ya kuchagua fonti ya kichwa cha habari, andika NG'OMBE, Waya, Yake, Kawawa kwa ukubwa wa pointi 72. Ukiona pengo kati ya W na a, au Y na a, utakutana nalo katika kila mstari, kwa kuwa lugha yetu imejaa wa, ya na ka. Faida tunayo pia: hatuna alama juu ya herufi, kwa hiyo vichwa vya herufi kubwa vinaweza kubananishwa mistari kuliko Kifaransa kinavyoruhusu.

Kifungashio nitakipita haraka, isipokuwa njia ya kupata kipimo. Usipakue kiolezo. Nunua pakiti ya unga wa kilo mbili, mimina unga kwenye ndoo, fungua gundi taratibu bila kukata, ilaze mezani na upime kila mkunjo. Utaona uso wa mbele ni mwembamba kuliko ulivyodhani, na pakiti ikijaa inavimba, kwa hiyo maandishi yaliyo karibu na ukingo yanageukia ubavuni. Acha sentimita moja na nusu hadi mbili kila upande. Msimbo wa mistari una ukubwa wake wa kawaida, milimita 37.29 kwa 25.93, na hauruhusiwi kushuka chini ya asilimia 80. Mistari isiwe myekundu: mashine hutumia mwanga mwekundu, nayo huiona nyekundu kama nyeupe. Namba za misimbo ya Tanzania huanza na 620, za Kenya 616. Alama ya ubora ya TBS ya Tanzania au KEBS ya Kenya usiibandike kwenye bidhaa ya kubuni. Chora kisanduku kitupu mahali pake.

Bango la kuchapa kwa skrini ndilo linalokaribia kanga kwa ubabe. Rangi mbili, karatasi ya A2, nakala 20. Kila rangi hutolewa kwa wino mweusi tii kwenye filamu au tresing, karatasi inayopitisha mwanga. Kijivu hakina maana hapo. Fremu yenye wavu ipakwe emalshani, dawa inayoganda ikipigwa na mwanga, pande zote mbili, ikaushwe gizani, ndipo imulikwe. Muda wa kumulika usikisiwe: funika filamu kwa kadibodi na uisogeze kila baada ya sekunde 30, upate vipande vya muda tofauti kwenye skrini moja. Kipande kilichomulikwa kidogo kitateleza chote na maji; kilichomulikwa mno hakitafunguka hata ukikisugua. Kwa karatasi tafuta wavu wa nyuzi 77 au zaidi kwa sentimita. Ule wa 43 ni wa kitambaa, utamwaga rangi nyingi mno.

Rangi isiyokolea itangulie, iliyokolea ifuate, nayo iipande ya kwanza kwa nusu milimita, la sivyo utapata uzi mweupe kati ya rangi mbili mara karatasi inaposogea. Na itasogea, kwa sababu karatasi hunywa unyevu na kutanuka. Ukichapa rangi ya kwanza wakati wa mvua na ya pili siku ya jua kali, usitegemee vikutane. Rangi za maji hukauka ndani ya wavu upesi sana kwenye joto la pwani. Dawa yake ni kuvuta rangi ifunike wavu kila baada ya kuchapa, isiachwe wazi unapokwenda kutundika karatasi.

Nembo? Michoro 40 ya penseli kabla ya kuwasha kompyuta, kisha ishushwe hadi upana wa milimita 15 kwa rangi moja, na itengenezewe muhuri. Ikifutika kwenye muhuri, haijaiva. Kwa sweta la shule, maandishi yaliyo chini ya milimita 5 huishia kuwa fundo la uzi.

Hayo yote huacha mabaki, na mabaki hayo ndiyo mchakato wenyewe. Kinachonikera ni kwamba mwanafunzi huyatupa, na sehemu nyingi alama hutolewa kwa picha ya mwisho tu, kwa hiyo simlaumu sana. Bluu iliyogeuka zambarau kwenye karatasi ni ushahidi kwamba viwango vya samawati na majenta, wino mbili zinazojenga bluu, vilikaribiana mno; ziache zipishane kwa asilimia 30 na uchape tena, kisha weka zote mbili pamoja. Maandishi madogo meusi yaliyotoka na ukungu yanaonyesha nyeusi ilijengwa kwa rangi nne badala ya moja. Bango la A3 lililopauka na kuwa na vijisanduku lilikuwa na pikseli 3508 kwa 4961 kabla halijatumwa stationari kwa WhatsApp kama picha. Lingetumwa kama dokumenti lingefika salama.

Kwenye potifolio, mradi mmoja upewe kurasa nne: masharti na vipimo, michoro ya penseli iliyokataliwa, jaribio lililoharibika likiwa na maelezo ya kalamu pembeni, na kitu kilichochapwa kikiwa kimepigwa picha karibu na dirisha, kimeshikwa na mkono wa mtu ili ukubwa ujulikane. Kurasa zikizidi, toa kikombe.