Saa Tatu za Wakala

Hakuna binadamu mwenye moyo mtulivu kama wakala wa tiketi anapopanga safari ya mtu mwingine. Amekaa ofisini kwake katikati ya jiji la Mwanza, feni inampepea, anabonyeza kompyuta kwa kidole kimoja, halafu ananiambia: "Dar unatua saa saba mchana, ndege ya Muscat inaondoka saa kumi. Hapo katikati una saa tatu nzima, kaka. Utapata mpaka na chai."

Chai! Jamani, hiyo chai mpaka leo sijaiona.

Saa tatu za wakala si saa tatu za abiria. Kaunta ya ndege ya nje inafungwa saa moja kabla ya kuruka, kwa hiyo saa moja imeshaliwa wakati bado uko nyumbani unatafuta soksi. Zinabaki mbili. Na hizo mbili Mwanza haijazigusa.

Ikazigusa. Tumekaa ukumbini, mizigo imeshapokelewa, ndege haionekani, mara sauti laini ikatangaza kwamba safari yetu itachelewa "kutokana na sababu za kiutendaji". Sasa mimi nauza vipuri vya magari. Mteja akija kuulizia rejeta aliyolipia wiki iliyopita nikamjibu "sababu za kiutendaji", atanipiga nayo hiyo hiyo ikifika. Lakini uwanja wa ndege watu wote wanaitikia kwa kichwa kama waumini.

Pembeni yangu alikaa mzee na boksi la samaki lililozungushiwa selotepu mpaka halionekani rangi. Akaniona natazama saa, nasimama, nakaa. "Unaharakia nini kijana? Utafika tu." Nikamwuliza, mzee unaishia wapi? "Dar." Nilijua. Wanaoishia Dar wana imani kubwa sana.

Dakika hamsini zikaondoka hivyo. Ndipo nikaanza kulikumbuka basi. Najua, Mwanza hadi Dar kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100 na ukishuka magoti hayakunjuki. Lakini basi lina utu. Ukishuka kuchimba dawa, konda anahesabu vichwa, na akiona kiti kitupu anapiga ukelele: "Bado mtu!" Nani atapiga ukelele huo uwanja wa ndege? Wenyewe watakuita jina kwenye kipaza sauti, watalikosea, halafu watafunga mlango.

Na hapa ndipo nina ugomvi mkubwa na yule wakala. Kumbe mambo ya kuunganisha ndege yana siri yake. Ukikatiwa tiketi moja, yenye namba moja ya buking toka mwanzo hadi mwisho, kwa kawaida ndege ya kwanza ikikuchelewesha wao ndio wanahangaika kukupangia nyingine. Na mara nyingi begi lako linabandikwa karatasi ya safari nzima, unakwenda kulipokelea huko mwisho. Mimi nilikatiwa tiketi mbili, kampuni mbili, "kwa sababu inatoka nafuu". Kampuni ya pili haina habari kwamba kuna Mwanza duniani. Ukichelewa, kwao wewe ni mtu aliyeamua kulala nyumbani. Begi langu lilibandikwa herufi tatu tu: DAR. Muscat ni MCT, na hizo herufi sikuziona popote. Maana yake begi linaishia Dar, na punda wa kulihamisha ni mimi.

Tukatua. Watu wakasimama kabla ndege haijasimama, na mimi nikiwamo, shingo imepinda chini ya kabati la mizigo. Tukakimbilia mkanda. Mkanda unazunguka mtupu. Nani aliuwasha kama hakuna begi? Likapita boksi la samaki. Likapita tena. Mzee wangu yuko msalani, hana haraka. Mabegi ya watu wasio na safari yakatoka yote, ya watoto, ya maharusi, hata godoro dogo lilitoka. La kwangu likatokea mwishoni, linatembea taratibu, zito, limejaa mapenzi ya ukoo mzima.

Maana ukisema unakwenda kumtembelea dada yako aliyeolewa Oman, hakuna anayekuuliza una kilo ngapi. Dada yuko Seeb, kwenye ukoo wa watu ambao babu zao waliishi Unguja, Kiswahili chao kitamu kuliko changu, na wanalilia dagaa. Basi mama katuma dagaa wa Mwaloni, Kirumba. Shemeji katuma mchele. Shangazi katuma asali ya Tabora, lita moja, ndani ya chupa ya maji ya kunywa, mfuniko umefungwa na nailoni. "Mpelekee mwanangu, kule wana jua tu."

Sasa uwanja wa Julius Nyerere, kwa asiyeujua: sisi wa ndege za ndani tunashukia jengo la pili. Ndege za nje ziko jengo la tatu, lililofunguliwa Agosti 2019, jengo zuri, vioo vitupu, limejengwa kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka. Mimi siku hiyo nilikuwa na wasiwasi na abiria mmoja. Majengo yenyewe hayajashikana. Unatoka nje kabisa, unakutana na jua la Dar, na ukiwa na begi la dagaa huendi kwa miguu.

"Teksi, bosi?"

"Jengo la tatu hapo. Bei gani?"

"Elfu ishirini."

"Ni hapo jirani!"

"Basi nenda kwa miguu bosi, mimi nakuangalia."

Dereva teksi wa uwanja wa ndege hasomi ramani, anasoma jasho. Akiliona shingoni tu, bei imeshapangwa. Nikalipa elfu kumi na tano kwa safari ambayo redio haikumaliza hata tangazo la sabuni.

Mlangoni foleni. Pasi ya kusafiria mkononi, tiketi mkononi, begi kwenye mashine, mkanda vua, saa vua. Mwanza nilishavua. Ndani nitavua tena. Sijui abiria wa kuunganisha kwa nini asisafiri na kanzu tu yakaisha.

Nikafika kaunta, dada yule bado yupo, bado anatabasamu. Nikaweka begi. Akaacha kutabasamu.

"Kaka, umezidi kilo tatu."

"Lakini Mwanza lilipita."

"Hiyo ni Mwanza." Kampuni nyingine, kipimo kingine, na nauli ya kilo iliyozidi ni ya dola. Nikapiga magoti sakafuni mbele ya foleni nzima, nikafungua zipu. Harufu ya Mwaloni ikatoka kusalimia wageni. Mzungu mmoja akarudi nyuma hatua mbili. Nikapunguza mchele, nikamwachia kijana wa usafi, akanishukuru kana kwamba nimepanga. Nikavaa koti la pili juu ya la kwanza. Bado kilo na ushee. Dada wa kaunta, kwa roho nzuri kabisa, akasema: "Hiyo chupa si uiweke kwenye mkoba wa mkononi?"

Mkoba wa mkononi! Ushauri wa mtu mwenye sare. Nikaiweka. Begi likaenda, safari hii lina MCT, nikapewa bodingi pasi, nikapita dirisha la Uhamiaji. Ofisa akaniuliza nakwenda kufanya nini Oman nimevaa makoti mawili. Swali la haki. Nikamwambia dada yangu yuko huko. Akagonga muhuri.

Kisha mashine ya mwisho.

"Mkoba huu wa nani?"

Wangu.

"Kuna kimiminika."

"Si kimiminika, ni asali."

Afisa akaniangalia kwa huruma, akaniambia sheria: chombo kisizidi mililita 100. Nikamwambia mheshimiwa, hii si bomu, ni ya shangazi. Akasema hata ya Rais haipiti. Nikauliza, nikipunguza zikabaki hizo mililita 100 humo chupani? Akasema wanaangalia ukubwa wa chombo, si kilichomo. Kwa hiyo chupa ya lita yenye tone moja haiendi. Nikaona pipa pembeni, limejaa manukato, losheni, chupa za maji. Asali ya Tabora ikalale na losheni?

"Naruhusiwa kuinywa?"

"Ukiweza."

Ndugu zangu, nimesimama pale bila viatu, suruali naishika kwa mkono mmoja kwa kukosa mkanda, makoti mawili, nabugia asali. Asali hainyweki haraka. Unainamisha chupa, inafikiria. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Kaka, tunachelewa." Anachelewa yeye! Nikafikisha robo, macho yakaanza kuona nyota, nikaikabidhi iliyobaki kwenye pipa kwa mikono miwili.

Nikaingia ndegeni wa mwisho kasoro familia moja. Kifua kinawaka, midomo imegandana. Jirani yangu wa kiti ni bwana mmoja mkavu, shati limepigwa pasi, anatafuna karanga. Nikamwuliza katokea wapi. "Kipawa, hapo nyuma ya uwanja. Nimekuja na bajaji." Kisha akajinyoosha, akapiga mwayo: "Ila safari za ndege zinachosha, bwana."

Nisingeweza kumjibu hata ningetaka, midomo haikuachana.

Mlango haujafungwa, simu ikaita ujumbe. Wakala: "Kaka, naamini umewahi. Ile ya kurudi nimekupa nafasi ya kutosha, hutakimbia. Dar unatua saa nane usiku, ya Mwanza inaondoka saa moja jioni."

Nikahesabu kwa vidole, vya mikono vikaisha. Nikamwandikia: na hizo saa kumi na saba nakaa wapi?

"Dar huna ndugu?"

Ninaye. Binamu yangu. Anakaa Bunju, mwisho wa jiji upande wa pili.