NVMe imeingia, send-off imetoka

Jamani mi nahariri video za send-off na kichen pati hapahapa home, kompyuta ina RAM GB 32, kadi ya picha ya maana, ila video zote zimelala kwenye diski ya zamani ya TB 4, ile ya kuzunguka mara 7200 kwa dakika, ikijikaza sana inatoa kama MB 150 kwa sekunde. Ukitaka kukopi harusi moja unaanzisha, unaenda kuoga, unakula, unarudi bado.

Shemeji yangu ndo fundi wa mtaa, akaja na mpango, tununue diski mbili tuziunge RAID 0, yaani kila faili linagawanywa kwenye zote mbili, spidi inakaribia mara mbili. Nikamuuliza, "Shem, na moja ikifa?" "Data zinaondoka zote, ila zinaondoka kwa spidi."

Nikagoma. Tukashuka Kariakoo tukarudi na NVMe, ile diski ya chipu isiyozunguka, ya TB 1, yaani GB 1000, kitu cha milimita 22 kwa 80 ila kinasoma mpaka MB 3500 kwa sekunde, zaidi ya mara sita ya SSD ya SATA, ile diski ya chipu ya kuunga kwa waya. Tundu la M.2, pa kuchomeka NVMe, la juu limezibwa na lile lifeni la prosesa, so shem akaipachika la chini, skrubu ikadondoka chini ya kochi, watoto wote wakalala kifudifudi kuitafuta. Kuwasha, Windows hiyo, NVMe hiyo, inasoma GB 931. Mama akachungulia, "Si ulisema elfu? Umepunjwa mwanangu, irudishe." Nikamweleza kiwandani wanahesabu kwa 1000 na Windows inahesabu kwa 1024, akasema hata wauza mkaa huwa wana maelezo mazuri tu.

Sa tukiwa kwenye ubishi wa mkaa ndo naona diski D haipo! Ile ya TB 4! Na mama wa bibi harusi anafuata video yake kesho asubuhi. Kwenye BIOS, ile menyu ya kabla Windows haijawaka, haipo. Shem akatikisa kichwa, "Imeungua hiyo, pole." Jirani aliyekuja kuazima ndoo akasema ni umeme wa juzi ule, mama akasema kijicho, na simu nayo inaita, mama wa bibi harusi huyo, nikaigeuza. Ila ukiweka sikio diski unaisikia inazunguka kabisa, imeungua vipi inayozunguka?

Mwanangu wa kidato cha pili alikuwa pembeni anajisomea kitabu cha mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, ambacho sisi wakubwa tulikifanya cha kuwekea skrubu. "Baba, hapa wameandika ukiweka M.2 ya pili, SATA namba 5 na 6, matundu ya waya za diski, zinazimwa." Kumbe! Njia za data kwenye chipseti, ile chipu ya mazabodi inayounganisha vifaa, ni chache, so matundu yanagawana, mazabodi kibao za nyumbani ziko hivyo. Umeme diski inapata, ndo maana inazunguka, ila data haina pa kupita. Na yetu ilikuwa namba 6. Nikahamishia waya namba 3, D hiyooo, send-off nzima, mpaka mjomba aliyevua shati akacheza.

Shem akakusanya bisibisi zake taratibu, akasema kwa vile imepona yeye akiwa ndani ya nyumba, elfu thelathini yake iko palepale.