Monita ya 32:9: upana mwingi, kimo kilekile

Tuanze na rula, maana mjadala mwingi kuhusu monita hizi huharibika pale pale mwanzoni. Monita ya inchi 49 yenye uwiano wa 32:9, yaani upana wa sehemu 32 kwa kimo cha sehemu 9, ina upana wa sentimita 120 hivi na kimo cha sentimita 34 hivi. Chukua monita mbili za inchi 27, zipange bega kwa bega, futa fremu zilizokutana katikati: umeipata. Anayetoka kwenye inchi 27 akidhani atapata kioo kikubwa zaidi kila upande, atafungua boksi akute kimo ni kilekile alichokuwa nacho. Kilichoongezeka ni upana peke yake.

Nimefanya kazi na kucheza mbele ya kioo cha aina hii muda wa kutosha kukipenda na kunikera, na kila nikiulizwa kama kinafaa, jibu langu huanza na swali: unachokitazama kutwa kimelala au kimesimama? Barabara imelala. Upeo wa macho wa rubani umelala. Mkanda wa kuhariri video umelala. Kitabu kimesimama, msimbo wa programu umesimama, ukurasa wa wavuti umesimama. Sifa na lawama karibu zote za monita hizi zinatoka hapo.

Samsung walitoa CHG90 mwaka 2017, inchi 49, pikseli 3840 kwa 1080. Upana ulikuwepo, lakini pikseli zilikuwa chache kwa eneo lile, kama 81 kwa kila inchi, na herufi zilionekana zimechanika kingo. Mwaka 2020 ikaja Odyssey G9 yenye pikseli 5120 kwa 1440 na kasi ya Hz 240, yaani picha 240 kwa sekunde. Hapo idadi ikapanda hadi takriban 108 kwa inchi, na kuanzia hapo ndipo naona mtu anaweza kusoma maandishi juu yake kwa saa nane bila kulalamika. Ukikutana na ile ya pikseli 1080 inauzwa rahisi, ichukue kama ni ya gemu tu. Kwa kazi ya maandishi, iache.

Sasa gemu, maana ndizo zilizoileta duniani. Kwenye mbio za magari monita hii haina mpinzani mwepesi. Fikiria uko Assetto Corsa, unaingia kona ya kulia, na mwenzako amekupenya kwa ndani. Kwenye kioo cha kawaida hujui yuko wapi mpaka mgongane, au ubonyeze kitufe cha kugeuza kichwa na kupoteza barabara kwa nusu sekunde. Kwenye 32:9 unaona pua ya gari lake kando ya dirisha lako, unaona kioo cha pembeni, na macho yako bado yako kwenye kona. Unamwachia nafasi, mbio zinaendelea. Microsoft Flight Simulator nayo hunufaika vivyo hivyo: bawa la kushoto na la kulia yote yanaonekana, ukigeuza ndege kuelekea uwanjani unauona uwanja kabla hujamaliza kukata kona. Euro Truck Simulator 2 ni hivyo hivyo kwa vioo vya lori.

Hata hivyo kuna kasoro moja ambayo wauzaji hawaitaji, nami naona ndiyo muhimu kuliko zote kwa mchezaji. Gemu nyingi huchora dunia kana kwamba kioo chako ni dirisha moja bapa. Kama kwenye kioo cha kawaida cha 16:9 gemu inaonyesha nyuzi 90 kutoka kushoto hadi kulia, basi kwa kimo kilekile cha picha, 32:9 itaonyesha kama nyuzi 127. Lakini kioo chenyewe, ukiwa umekaa mbele yake, kinachukua nyuzi 70 hadi 85 tu za macho yako, kutegemea umbali wa kiti. Nyuzi 127 zinasukumwa ndani ya 80, na zinaposukumwa hazigawanyiki sawa: katikati vitu vinabaki na umbo lake, pembeni vinavutwa kama mpira. Kwa hesabu hiyo ya nyuzi 127, mtu aliyesimama ukingoni kabisa huonekana mnene mara mbili na zaidi ukilinganisha na kimo chake. Akitembea kuelekea katikati, anakonda njiani. Mara ya kwanza nilidhani kadi ya grafiki ina hitilafu.

Monita nyingi za aina hii zimepinda kuelekea kwako, lakini mpindo huo hautibu tatizo hili, kwa sababu gemu haijui kwamba kioo kimepinda. Dawa ni kupunguza pembe ya kuona kwenye mipangilio ya gemu, na kwenye mbio za magari hiyo ni hatua njema hata bila sababu hii, kwani mwendo na umbali wa kona husomeka vizuri zaidi pembe ikikaribiana na ile halisi ya kioo chako. Ila ukipunguza, sehemu ya ule upana uliokulevya dukani inarudi ilikotoka. Wanaotumia skrini tatu tofauti kwenye iRacing wana nafuu hapa: gemu ile inaweza kuchora kila skrini kwa pembe yake, na picha za pembeni zikabaki na umbo la kweli.

Kwa gemu za kulenga na kupiga za mashindano, ushauri wangu ni mfupi: acha. Valorant haikupi eneo la ziada la kuona hata ukija na kioo kipana namna gani, na wanaocheza Counter-Strike kwa ajira wamebaki na vioo vya inchi 24 au 25 kwa sababu jicho linafagia kioo kizima bila shingo kusogea. Ramani ndogo iliyowekwa ukingoni, sentimita 60 kutoka katikati, ni ramani usiyoitazama. Baadhi ya gemu hukuruhusu kuzisogeza alama hizo kuelekea katikati, nyingine hapana. Hata nje ya gemu za kulenga na kupiga kuna vizuizi: Elden Ring ilipotoka mwaka 2022 ilifungwa kwenye 16:9 na fremu 60 kwa sekunde. Mwenye monita hii alicheza katikati ya kioo chake, mkanda mweusi kila upande, yaani nusu ya kioo alicholipia imezimwa. PlayStation 5 na Xbox hazitoi picha ya 32:9 kabisa, kwa hiyo anayecheza kwa konsoli hana anachonunua hapa.

Halafu kuna mzigo. Pikseli 5120 kwa 1440 ni milioni 7.4, mara mbili ya QHD (2560 kwa 1440) na karibu asilimia 89 ya 4K (3840 kwa 2160). Kadi inayotiririsha gemu vizuri kwenye QHD itahema hapa. Kutuma picha hiyo kwa Hz 240 kupitia waya wa DisplayPort 1.4 kunahitaji data ibanwe njiani, na kadi ya zamani isiyoijua mbinu hiyo itaishia kasi ya chini, Hz 120 kwa mfano. Ile kubwa zaidi ya inchi 57, Odyssey Neo G9 ya mwaka 2023, ina pikseli 7680 kwa 2160, sawasawa na 4K mbili. Ukiifikiria hiyo, anza na kadi kisha urudi kwenye monita.

Kazini mambo yanageuka, na hapa ndipo nimeona watu waliokuwa wakibeza wakinyamaza. Mhariri wa video akiutandaza mkanda wake wote, dakika kumi za picha na sauti zinalala mbele yake bila kukuza na kupunguza kila mara. Anayetengeneza muziki ni vivyo hivyo: nyimbo huenda kushoto kwenda kulia. Mhasibu mwenye lahajedwali la miezi kumi na miwili anaona Januari na Desemba kwa pamoja, na jumla ya mwaka pembeni, wala hahitaji kugandisha safu. Kuna pia uwezo wa kuunganisha kompyuta mbili, kila moja ikachukua nusu yake. Mtu mwenye laptopu ya ofisi na kompyuta yake binafsi anaondoa monita moja mezani.

Kwa anayeandika programu au kusoma nyaraka ndefu, mimi nasita. Mistari ya msimbo hushuka chini, na chini hapa hakujaongezeka hata sentimita moja. Utafungua mafaili matatu bega kwa bega, na hilo ni jambo jema, lakini kila faili utaliona kupitia tundu lenye kimo cha monita ya inchi 27. Ninaposoma hati ya kurasa nyingi naweka kurasa tatu au nne sambamba na kusoma kama mtu aliyetandaza magazeti sakafuni, na inafaa. Ila mwenye kazi hiyo peke yake angehudumiwa vizuri zaidi na kioo cha 4K cha inchi 42, ambacho kina pikseli zaidi na kimo kinachozidi kidogo nusu mita.

Jambo jingine ni madirisha. Ukibonyeza kukuza dirisha, barua pepe inatanda mita moja na sentimita ishirini, na jicho likimaliza mstari halijui lirudi wapi. Monita hii haitumiki bila programu ya kugawa kioo. FancyZones ya Microsoft inatosha, na mgawo wangu ni robo, nusu, robo: kazi yenyewe katikati, vya kuchungulia pembeni. Huu ndio ubora wake mkubwa juu ya monita mbili. Ukiwa na mbili, katikati ya macho yako kuna fremu, na shingo inachagua upande mmoja siku nzima. Hapa katikati ni kazi.

Kisha kikao cha mtandaoni. Siku moja nilishea skrini nzima kuwaonyesha wenzangu jedwali la takwimu. Kwangu herufi zilikuwa safi kabisa. Kwao, kwenye laptopu zao za 16:9, picha yangu ilijibana kuwa mkanda uliochukua nusu tu ya kimo cha kioo, na herufi zikawa chungu ya sisimizi. Nilieleza dakika sita nzima kabla mmoja hajasema kwa upole, "Samahani ndugu, sisi huku hatuoni kitu." Tangu hapo nashea dirisha moja, tena nimelipunguza kwanza. Kama kazi yako ni mafundisho au maonyesho ya kila siku, lipime hili kwa uzito wake.

Mpindo wenyewe una faida inayopimika. Namba ya R, inayoeleza mpindo, ni nusu kipenyo kwa milimita: 1000R ni sehemu ya duara lenye nusu kipenyo cha mita moja. Ukikaa sentimita 80 kutoka kioo bapa chenye upana huu, ukingo wake uko mita moja kutoka kwako, na macho hujirekebisha kila unapotoka katikati kwenda pembeni. Kwenye 1000R ukingo uko kama sentimita 84. Tofauti hiyo macho huihisi ifikapo jioni. Lakini ncha za 1000R zinachomoza mbele kama sentimita 17, na mistari iliyonyooka huonekana imebinuka hadi uzoee. Mchora ramani za majengo au mbunifu wa mabango asinunue 1000R. Kila mara atajiuliza kama kilichopinda ni mstari au ni kioo. Samsung wenyewe walipoleta toleo la OLED (kioo ambacho kila pikseli inajiwakia yenyewe) mwaka 2023 walirudi kwenye 1800R, ambako ncha zinachomoza kama sentimita 10. Kwa mtu wa kazi mchanganyiko, hiyo naiona ndiyo ya kuchagua.

OLED ina weusi wa kweli na haiachi kivuli nyuma ya vitu vinavyokimbia, kivuli ambacho vioo vingi vya VA (aina ya LCD, yenye taa nyuma ya kioo) hukiacha, hasa kwenye gemu za gizani. Ila baa ya programu isiyosogea chini ya kioo kutwa nzima, mwaka baada ya mwaka, inaweza kuacha alama ya kudumu, na rangi kidogo huvuja kwenye kingo za herufi kwa sababu ya mpangilio wa vijitone vya pikseli zake. Saa nane za maandishi na saa moja ya gemu: chagua VA. Kinyume chake: chagua OLED, na uifiche ile baa.

Filamu nisizimalize kwa maneno mengi. Video ya 16:9 inachukua nusu ya kioo. Filamu pana ya sinema inachukua theluthi mbili. Na mpindo ni wa mtu mmoja: anayekaa pembeni yako anaona upande mmoja ukiwa umemgeuzia mgongo.

Kabla ya kulipa, chukua tepe na uchore ukutani mstatili wa sentimita 120 kwa 34. Weka kiti sentimita 80 kutoka hapo, kaa, na ubandike ndani yake karatasi zenye ukubwa wa madirisha unayoyafungua kila siku. Pembeni kukibaki patupu, inchi 34 ya 21:9 itakutosha. Karatasi zikianza kushuka chini ya mstari, kilichopungua kwako ni kimo, na kimo hicho kiko kwenye kioo cha 4K cha inchi 42.