Dawa za miezi mitatu kwa wenye presha na sukari: kliniki ikubali?

Kaa kwenye benchi la kliniki ya presha na sukari hapa Tanga, utasikia lawama ileile: kwa nini turudi kila mwezi? Tupeni dawa za miezi mitatu tukae nazo. Si uvivu. Anayetoka Mkinga au Pangani huamka kabla ya alfajiri, alipe nauli, asubiri mpaka saa saba mchana, kisha aandikiwe amlodipini, dawa ileile ya presha aliyopewa mwezi uliopita. Kama ni mchuuzi wa samaki, riziki ya siku hiyo imekwenda.

Na mfano upo hapahapa nchini. Wanaotumia ARV, hali zao zikishatulia, hupewa dawa za miezi mitatu, hata sita. Ukiuliza kwa nini mwenye VVU aaminiwe na mwenye presha asiaminiwe, utajibiwa ndio utaratibu. Hilo mimi silihesabu kuwa jibu.

Wanaopinga nao hawasemi ovyo. Presha haina maumivu. Mtu akimeza dawa wiki kadhaa akajiona mzima, anaacha, au anamgawia dada yake kwa kuwa "hata wewe unayo". Kwa mwenye sukari jambo ni zito zaidi: miguu ikishakufa ganzi, msumari unaweza kumchoma asihisi, na huenda asiwe na mtu wa kumtazama nyayo isipokuwa nesi wa kliniki. Kidonda cha aina hiyo, kikichelewa, huishia kwenye kukatwa mguu. Tena kuna stoo. Dawa zikija pungufu, anayebeba za miezi mitatu amebeba na za wenzake wawili.

Naelemea upande wa miezi mitatu, ila kwa yule tu ambaye presha yake imekaa sawa, na apimwe katikati ya muda huo kwenye zahanati ya karibu au na mhudumu wa afya wa mtaa wake. Wa insulini wana hesabu yao. Chupa ambayo haijafunguliwa hutaka baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na ikishafunguliwa hukaa kama wiki nne tu, mahali pasipozidi nyuzi 30. Joto letu la Februari linapita hapo. Wasio na friji huihifadhi kwenye mtungi wa udongo wenye unyevu, na mtungi husaidia kweli kwa chupa inayotumika, lakini akiba ya miezi mitatu hauiwezi.

Hata hivyo, tunapobishania tarehe za kurudi tunasahau jikoni. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Mzee wa Ngamiani anaambiwa hayo, anaitikia vizuri, anarudi nyumbani kwenye sufuria moja ya watu wanane yenye mchuzi wa ng'onda, samaki aliyekaushwa kwa chumvi. Apikiwe peke yake? Atasemwa anajidai, na mkaa nao si wa bure. Bora aitwe anayepika, aelekezwe: roweka ng'onda usiku kucha, mwaga maji, usitie chumvi nyingine. Ushauri huo unapikika. Wa kumwambia mzee "badilisha mtindo wa maisha" sijui unaanzia wapi.

Kuna mwezi mmoja ambao hata mimi nisingekubali mgonjwa wa sukari aachwe bila kuonwa, nao ni Shaabani, mwezi wa kabla ya Ramadhani. Wazee wengi watafunga, wakatazwe wasikatazwe. Anayetumia glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari, akimeza dozi yake kamili wakati wa daku, kisha ashinde bila kula, sukari inaweza kumshuka alasiri: jasho, mikono kutetemeka, maneno kuchanganyika, na waliomo nyumbani wakadhani ni uchovu wa saumu. Dozi hupangwa upya kabla ya mwezi kuandama, na mgonjwa huambiwa waziwazi kwamba kipimo cha sukari kikisoma chini ya 4 (mmol/L), afungue papo hapo.