Kazi ya Miezi Mitatu, Swali la Miaka Mitano

Alhamisi iliyopita mpwa wangu alirudi kutoka Shela, kijiji cha mahoteli hapa kisiwani Lamu, kwa miguu, ukingoni mwa maji, viatu mkononi. Nauli ya boti alikuwa nayo, nilimpa mwenyewe asubuhi. Nilipomwona kwa mbali nikajua intavyu imeharibika, kwa sababu mtu mwenye habari njema hupanda boti awahi kuzisema.

"Ndoo ukae," nikamwambia. Akakaa barazani, akafuta mchanga miguuni, kimya.

"Nimeulizwa najiona wapi baada ya miaka mitano, mjomba."

"Ukasemaje?"

"Nikasema Mungu ndiye ajuaye."

Nilicheka, kisha hasira zikanipanda. Kazi aliyoiomba ni ya uweita, mwezi wa saba hadi wa tisa, basi. Hoteli yenyewe ikifika masika hufunga madirisha, hufunika viti kwa mashuka na kuwaambia wafanyakazi "tutaitana". Haijui yenyewe itajiona wapi mwezi wa tano, lakini kijana wa miaka ishirini na mbili aijue 2030 na ushei! Jibu lake ndilo lililokuwa la kweli kuliko yote yaliyosemwa chumbani siku ile, na ndilo lililomkosesha.

Nimefanya kazi ya hoteli miaka kumi na tisa. Nilianza kwa kubeba mabegi gatini, na miaka sita ya mwisho nilikaa upande wa pili wa meza, upande wa wanaouliza. Kwa hiyo karatasi ile ya maswali naijua, na mimi pia niliisoma bila kufikiri. Jieleze. Kwa nini tukuchukue wewe? Udhaifu wako ni upi? Tueleze siku uliyopambana na mgeni msumbufu.

Hilo la mwisho ndilo lililonikosesha usingizi. Mpwa wangu alijibu: "Sijawahi kupata mgeni msumbufu." Meneja akaandika kitu, akafunga faili.

Hajawahi? Kijana huyu amepika kwenye mashua ya babake tangu amalize shule. Mwaka jana walipeleka wageni Takwa, mji wa kale kisiwani Manda, watu sita, na wageni wakapenda magofu kupita kiasi. Nahodha akawaita mara ya kwanza, mara ya pili, wapi. Waliporudi chomboni maji yalikuwa yameshatoka, na mjuao mkono ule wa mikokoni mwajua maana yake: mashua imekaa kwenye tope na mtasubiri mpaka bahari irudi. Mgeni mmoja, mtu mzima, akaanza kufoka. Anataka pesa zake, atawashtaki, anataka boti nyingine ije, kana kwamba hiyo nyingine ina miguu. Nahodha mwenyewe alinyamaza. Mpwa wangu akawasha jiko la makaa, akachoma changu waliobaki, akakamua ndimu, akawafundisha watoto kuvua kwa mshipi, na sahani ya kwanza akampelekea yule mfokaji kabla ya watu wote. Magharibi maji yakajaa, wakaondoka wanaimba. Mfokaji yule yule akaikodi mashua ile siku mbili zaidi.

Nikamuuliza, "Na Takwa je? Mbona hukuwaambia hayo?"

Akanitazama kama niliyemtukana. "Mjomba, yule alikuwa mgeni wetu. Nitakaaje mbele ya watu nimseme?"

Hapo ndipo penye kiini cha haya yote. Tunawalea watoto wetu kwamba mgeni hasemwi, hata akikuvunjia sahani. Tunawafundisha kuwa anayejisifu ni mpungufu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, si ndivyo tulivyoambiwa? Mbele ya mkubwa unashusha macho, sauti unaipunguza, ukiulizwa kama umeweza unasema "kidogo kidogo". Mtoto akishika haya yote tunasema huyu kalelewa. Halafu siku moja tunamvalisha shati jeupe, tunampeleka chumba chenye feni, na mtu asiyemjua anamwambia: haya, jisifu. Na akishindwa, anaandikiwa "hajiamini".

Na kichekesho ni kwamba mambo hayo hayo ndiyo hoteli inayoyauza! Fungua tangazo lolote la nyumba za Shela, utakuta ukarimu wa Waswahili, upole wa watu wa Lamu, tabasamu. Wanaupiga picha upole wetu, wanautoza kwa usiku, kisha wanaufelisha kwenye intavyu.

"Kwa nini tukuchukue wewe?" Alijibu, "Mtakavyoona nyinyi." Mshahara? "Chochote mtakachonipa." Ewe kijana unayenisoma, hilo neno "chochote" litoe kinywani mwako leo. Uliza wenzako wanaofanya kazi hiyo wanapata ngapi, kisha taja.

Nitawapa mameneja haki yao, ingawa kwa shingo upande. Mtu ana asubuhi moja na vijana thelathini nje wamejipanga kivulini. Hawezi kumtoa kila mmoja maneno kwa koleo. Na wako vijana wetu wanaofika saa nne kwa miadi ya saa mbili, halafu sababu ni boti. Boti haijazama, umelala.

Lakini dawa ya swali gumu si kukariri. Hizo "mimi ni mchapakazi, napenda changamoto, udhaifu wangu ni kufanya kazi kupita kiasi" nimezisikia mpaka zikawa kama wimbo wa harusi, bwana harusi tu ndiye hubadilika. Ninachomwambia mpwa wangu ni hiki: kama kujisifu kwakutia haya, usijisifu, simulia. Kusimulia tunakuweza, ndiyo kazi ya baraza zetu usiku kucha. Sema ilikuwa wapi, nini kiliharibika, ulifanya nini kwa mikono yako, kikaishaje. Mgeni usimtaje jina, na heshima yake ibaki. Simulia moja ya mgeni aliyekasirika, moja ya kosa lako mwenyewe na ulivyolirekebisha, moja ya siku mliyokuwa wachache na kazi nyingi. Kwa hizo tatu utajibu nusu ya karatasi yao. Udhaifu? Taja wa kweli usiohusu wizi wala usingizi, na unachokifanya kuupunguza. Miaka mitano? Sema kazi unayotaka kujifunza baada ya hii, jikoni au mapokezi, Mungu akipenda. Mungu umtaje tu, lakini usimwachie Yeye jibu zima.

Kuna swali lingine ambalo kwetu ni gumu kweli, na karatasi za kwenye intaneti hazilijui: "Utabeba pombe?" Nimeona vijana wakisema ndiyo chumbani, kisha usiku wa kwanza wanamwomba mwenzao awabebee trei. Huo si uungwana kwa mwenzio wala kwa tajiri. Liamue nyumbani kabla hujavaa viatu. Kama dhamiri yako haikubali, omba jikoni, omba vyumba, omba bustani, omba boti, na useme waziwazi kwa sauti ya kawaida. Mimi nilisema hivyo nikiwa kijana, nikapewa mapokezi. Mwingine alisema hivyo hivyo akaambiwa kwaheri. Ndivyo ilivyo.

Msichana wa jirani yangu yeye aliulizwa ataolewa lini, na akiolewa atashika mimba lini. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 5, inamkataza mwajiri kubagua kwa sababu ya mimba, wala dini, na inawahusu wanaoomba kazi pia. Najua, ukimsomea meneja kifungu kazi umeikosa. Lakini jueni.

Na mapengo kwenye wasifu, jamani. "Mbona hapa hukufanya kazi?" Wangu una pengo baada ya 2011 watalii walipotekwa Kiwayu na Manda, pengo la 2014 baada ya shambulio la Mpeketoni tulipowekewa kafyu, na pengo la 2020 la korona ambalo dunia nzima inalo. Hayo si yangu, ni ya Lamu. Sema "wageni walikosekana, nikavua samaki" na uendelee, usijitetee kama mshtakiwa.

Kuhusu kuzipata kazi zenyewe sina maneno mengi. Ukingoja tangazo umechelewa. Likifika kwenye kundi la wasap, watu wameshapangwa. Nenda mwezi wa sita, wakati mafundi wako juu ya ngazi wanapaka chokaa na meneja ana muda wa kukutazama, au mwezi wa kumi kabla ya Disemba. Cheti cha afya cha washika chakula kiwe hai. Salimia mlinzi wa mlangoni vizuri, maana yeye ndiye wa kwanza kuulizwa "yule kijana vipi?"

Na mwishoni wakikuuliza kama una swali, usiseme "hapana, asante". Adabu hiyo nayo ni ghali. Uliza kama mkataba ni wa maandishi. Uliza bakshishi hugawanywaje. Uliza nani atakurudisha Lamu zamu ya usiku ikiisha saa tano, boti ya hoteli au miguu yako gizani.

Jumatatu ana intavyu nyingine. Jana baada ya isha tulikaa barazani tukafanya mazoezi, mimi nikiwa meneja, nimevaa miwani kwa ajili ya ukali. Nikamwambia asimulie ya Takwa. Akaanza vizuri, sauti imetulia, macho yako juu kiasi: "Maji yalikuwa yametoka, mgeni mmoja akakasirika. Tukawasha jiko, tukachoma samaki, tukawafundisha watoto..."

Dada yangu, mamake, alikuwa nyuma ya mlango anasikiliza muda wote. Akatokeza kichwa.

"Tukawasha nani? Babako alikuwa amejifunika kanzu usoni. Si uliwasha wewe?"

Akacheka, akaona haya, akaangalia chini. Kisha akaanza upya, polepole, kama mtu anayejaribu kiatu kipya: "Nikawasha jiko..."