Vioo vya Eksirei Viingie Darasani Moshi

Mwalimu wa fizikia wa kidato cha tano akifika kwenye mwingiliano wa mawimbi, kwa kawaida hutumia rangi za mafuta yaliyomwagika juu ya maji. Mfano mzuri, lakini hautoshi. Kwa maoni yangu, shule zetu za Moshi ziongeze vioo vya NuSTAR.

NuSTAR ni darubini ya Marekani iliyorushwa Juni 2012, ya kwanza kwenye obiti kuzikusanya eksirei kali (zenye nishati kubwa) mahali pamoja. Eksirei zikikijia kioo uso kwa uso hupenya au humezwa. Huakisiwa zikiambaa tu, karibu sambamba na kioo, na nishati ikipanda pembe hiyo huzidi kubana. Vioo vya dhahabu vilivyofaa kwa eksirei hafifu hukwama kwenye takriban kiloelektronivolti 10 (kipimo cha nishati ya eksirei).

Ufumbuzi ulikuwa tabaka. Kioo chembamba cha milimita 0.2 hupakwa platinamu, kisha kaboni, kisha platinamu tena, zaidi ya mara mia, kila tabaka nanomita (sehemu ya bilioni ya mita) chache tu. (Vioo hupangwa kimoja ndani ya kingine; vile vya nje vina tungsteni na silikoni.) Kila mpaka huakisi kidogo mno, ila unene wa tabaka ukipatana na urefu wa mawimbi, miakisiko hiyo midogo hujumlishana. Kinachonivutia kuliko vyote ni kwamba unene haulingani: tabaka nene juu, nyembamba chini, ili kila nishati ikute zinazoifaa. Hivyo NuSTAR huona hadi kiloelektronivolti 79. Mwaka 2014 ramani yake ya titani-44, aina ya titani yenye mnururisho, katika Cassiopeia A, mabaki ya nyota iliyolipuka, ilionyesha kwamba nyota ile haikulipuka sawasawa pande zote.

Wapo wanaosema haya ni mambo ya nchi tajiri. Nakataa kabisa. Uhuru, setilaiti ya kwanza ya astronomia ya eksirei, ilirushwa 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi. NuSTAR nayo hushusha data zake Malindi, na huzunguka karibu na ikweta, juu ya latitudo zetu. Data hizo ziko wazi kwa yeyote mwenye intaneti.

Mwalimu hahitaji maabara mpya. Awape wanafunzi unene wa jozi moja ya tabaka, tuseme nanomita 4, na eksirei ya kiloelektronivolti 30, kisha watafute pembe kwa kanuni ya Bragg, inayohusisha unene wa tabaka, urefu wa wimbi na pembe ya kuakisiwa. Wataipata chini ya nyuzi 1, na hapo ndipo aulize kwa nini vioo 133 vilibidi kupangwa kimoja ndani ya kingine.